Mwanya Juu ya Kitanda cha Mama

"Mathee, hapa kuna shida," fundi alisema akiwa bado juu ya ngazi. "Huyu mtu alijenga hii veranda alisahau kuunga paa. Ona, mkono inapita." Akaupitisha mkono wake kweli, vidole vikatokea ndani juu ya vichwa vyetu vikitupungia, naye akacheka. Dada yangu Peres hakucheka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha chuma, anaangalia ziwa kupitia vioo kama mtu asiyesikia. Mimi ndiye niliyemjibu, na nilimjibu vibaya, maana hasira zangu hukaa mdomoni. Nilimwambia hakuna mtu aliyesahau kitu katika nyumba ile, kwamba mwanya huo ulikatwa kwa msumeno na watu wenye akili zao, ukazibwa, ukazibuliwa, na kama hana kazi nyingine ashuke. Alishuka, maskini, akakusanya vyombo vyake na kwenda kumngojea Akoth getini.

Tulikuwa tumemzika shemeji Oloo, mume wa Peres, miezi michache tu kabla ya hapo. Wazee wa kwao wangesema nyumba ya mjane haiguswi hovyo hovyo, lakini Akoth, binti yao, ni mtoto wa Nairobi. Akiona ufa anatafuta fundi. Alikuwa amekuja na mumewe Felix na mpango mzima mkononi: paa lizibwe, nyumba ya Dunga ipangishwe, mama yake ahamie kwao Nairobi, kwenye fleti yenye lifti na maji ya moto. "Aunty, hii nyumba itaoza na unyevu, na Mama ako ndani," aliniambia, na hakusema uongo. Peres hakusema ndiyo wala la. Nami nilipouinulia macho ule mwanya, nilijikuta nimetega sikio kama nilivyokuwa nikitega mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kumsikiliza mtu akipumua.

Habari za ukoo wetu nitaziacha, kila mtu ana ukoo. Inatosha kusema kwetu ni upande wa Muhoroni, na kila mashamba ya miwa yalipochomwa majivu meusi yalituangukia mpaka kwenye sufuria za mboga. Mwaka ule yalimwingia mama kifuani yakakataa kutoka. Alilazwa Kisumu, na alipotolewa daktari alisema pumu yake haiwezi kurudi kwenye moshi, na kwamba kila juma aonekane kliniki. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita nikingoja kuitwa chuo, yaani sikuwa na kazi, na katika familia asiye na kazi ndiye hupewa mgonjwa. Peres alikuwa mwalimu, ameolewa, ana nyumba yake Dunga, pale pale Kisumu, karibu kabisa na ziwa. Chumba cha wageni kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Nilidhani mambo yamekwisha. Mama alifika getini na kikapu chake, akaitazama nyumba, akaketi juu ya jiwe nje ya ua na kukataa kuingia.

Kwetu sisi Wajaluo mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hali naye chakula, hamkazii macho, naye mkwe haingii anapolala wala hakioni kitanda chake. Ni heshima, lakini ni heshima yenye meno: anayeivunja huleta chira, na chira haimwandami aliyekosa, humwandama mtoto, akakonda hivi hivi watu wakitazama. Na Peres alikuwa mjamzito. Mimba ya kabla ya hiyo ilikuwa imetoka, jambo ambalo nyumbani halikutajwa kwa sauti. Oloo, ambaye alikuwa mtu wa shule na wa kanisa, alisimama sebuleni akamtuma mkewe nje na ujumbe: hii ni nyumba ya tao, ya mjini, si dala, boma la ukoo, mambo ya dala yamebaki dala. Walisema kwa Kijaluo, na mengi ya waliyosema nayaandika hapa kwa Kiswahili, lakini jibu la mama nalikumbuka neno kwa neno. Alisema, "Paa halijui tao." Peres alicheka kwa hasira. Alisema, "Mama, utakufa kwa sababu ya mabati?" Mama akamwangalia tumbo lake, si uso.

Majuma ya kwanza alilala kwa jirani, mama mmoja wa kanisani aliyempokea kwa moyo mweupe na kumpikia kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kile kile alimolala. Kila asubuhi nilipokwenda kumchukua, nilisimama kwanza nje ya mlango nisikie. Kifua chake kilikuwa na sauti mbili, mluzi na mkwaruzo. Mluzi ulimaanisha atakunywa chai na kulalamika. Mkwaruzo ulimaanisha twende hospitali. Nilikuwa nikisimama pale nimebana pumzi zangu mwenyewe, na mara nyingine nilichelewa kubisha kwa sababu sikutaka kujua. Mpaka leo nikisimama mbele ya mlango wa mtu, hata wa rafiki, kabla sijabisha nasikiliza.

Wazo la veranda lilikuwa la Oloo. Alikuwa mchoraji ramani katika ofisi moja ya maji; kutwa nzima alichora mabomba, na jioni aliporudi alichora chochote. Veranda ilikuwa upande wa ziwa, pana, isiyo na kitu ila viti na nguo za kuanikwa. Alichora ukuta wa nusu wa matofali kuizunguka, juu yake fremu za chuma na vioo mpaka juu, wavu wa mbu, mlango wake wenyewe wa kutokea uani, na ule mlango wa zamani wa kutoka sebuleni ukazibwa kwa tofali. Kati ya veranda na sebule ingebaki dirisha moja tu la zamani, litiwe pazia. Nilimpelekea mama mchoro kwa jirani. Aliugeuzageuza, akauweka mapajani, akauliza, "Na paa?" Nikamwambia paa lipo, mabati ya nyumba ndiyo hayo hayo yanayoshuka mpaka verandani. Akanirudishia karatasi. "Basi ni nyumba yake. Ameiongezea ukuta tu."

Hivyo ndivyo Oloo, msomi, alivyomwita fundi aje kukata paa zima lisilo na kosa. Fundi alikuwa Njoroge, mtu wa kutoka Nyeri aliyekuwa na duka la vifaa mjini na mkono mzuri wa kazi. Alipanda, akatazama, akashuka. "Bwana Oloo, hii paa iko sawa. Nikate aje paa mzuri?" Oloo alimweleza. Njoroge alisikiliza mpaka mwisho akajikuna kichwa. "Mimi najenga tangu Nyeri mpaka hapa," alisema, "na sijawahi ambiwa nikaribishe mvua kwa nyumba." Lakini alikata. Alisimamisha nguzo mpya mbele na nyuma, akalilaza paa la veranda juu yake, limejitenga na la nyumba kwa upana wa kiganja. Mama alikuja kukagua. Hakuingia, alisimama uani akanipa ufagio wa mpini mrefu, akaniamuru nipande ngazi niupitishe mpini ndani ya ule mwanya kutoka mwanzo hadi mwisho, asikie kama utagusa chochote. Sehemu moja uligusa kipande cha mbao. "Hicho hapo," mama alisema. Njoroge akarudi na msumeno, na safari hii hakubisha. Akasema tu kwamba hata kwao Nyeri kuna wamama kama huyu. Nilipoupitisha tena mpini ulikwenda bila kugonga, na mama akachukua kikapu chake akaingia.

Chumba kile nakiona mpaka sasa. Kitanda cha chuma kilikaa kando ya ukuta wa nyumba, chini ya mwanya, kwa sababu upande wa vioo jua la mchana lilikuwa kali mno. Ukilala chali uliona utepe wa mbingu, buluu mchana, na mara nyingine mwewe akipita. Kulikuwa na meza ya dawa, stuli, ndoo, na mkeka wangu. Vioo vyote vilitazama ziwa na mafunjo na mitumbwi, na harufu ya omena, dagaa wa ziwani, iliyoanikwa ufukweni ikaingia bila kubisha. Nyuma ya dirisha la pazia kulikuwa na kiti cha Oloo. Alikihamishia hapo siku ile ile mama alipoingia, akisema taa ni nzuri upande ule. Tulikula kwa zamu ya masikio: Peres aliniletea sahani ya mama kwa mlango wa uani, samaki wa ngege na mboga ya osuga, ugali umefunikwa, na mama hakugusa tonge mpaka vijiko vya sebuleni vinyamaze. Chakula kilipoa. Nilikasirika kila siku, maana mgonjwa anatakiwa ale chakula moto, nikasema, na mama akasema, "Ngoja mkwe wangu ashibe."

Kisha vijiko vikishanyamaza, walianza kuongea. Hilo hakuna aliyelitarajia. Ilianza na redio. Jioni Oloo alifungua matangazo ya vifo kwa Kijaluo, akaongeza sauti ili mama asikie, na mama akawa anatoa maelezo nyuma ya pazia: huyo aliyekufa ni ndugu ya fulani, huyo mke wa pili wamemtaja jina vibaya, huyo alikuwa mlevi wanasema tu alikuwa mwimbaji. Oloo alicheka mpaka akakohoa. Alimwita Maro, ndivyo mtu amwitavyo mama mkwe wake kwetu, naye akamwita "ora", mkwe wangu. Alimsomea magazeti. Alimuuliza mambo ya mbegu. Peres, akisahihisha madaftari mezani, aliniambia siku moja kwa wivu wa utani, "Mwanaume wangu anaongea na ukuta kuliko na mimi." Na mvua ilipoanza, kila iliposikika juu ya mabati, sauti ile ilikuja kutoka nyuma ya pazia: "Maro, mvua inakupata?" Na mama alijibu lile lile siku zote, hata maji yakimdondokea miguuni: "Inanipata kidogo tu. Acha hivyo."

Haikuwa kidogo. Mvua za Aprili zilishuka kama zimetumwa. Nilisogeza kitanda, nikasogeza ndoo, nikatandika nailoni juu ya blanketi. Halafu zikaja siku za sami, wale wadudu wadogo wa ziwa; waliinuka juu ya maji kama moshi, wakaja nchi kavu, wakapita juu ya ule mwanya wakajaa chumbani mpaka kwenye chai. Mama alifunika uso kwa leso akakohoa mpaka akainama. Nilijua lipi la kuogopa? Nilimwogopea maji, nikamwogopea wadudu, nikamwogopea usiku, nikamwogopea daktari. Kliniki daktari aligusa shuka alilojitanda, akakuta lina unyevu, akanikaripia mimi. "Mgonjwa wa kifua analala kwa maji? Mweke mahali pakavu. Asipigwe na baridi." Nililia njia nzima. Nilimwambia Oloo dirishani, kwa ukali ambao msichana hapaswi kumwonyesha shemeji yake, kwamba mila yake na ya mama itamuua mama, na mimi ndiye nitakayemwosha.

Jumamosi iliyofuata alipanda mwenyewe. Alikuwa na turubai zito la lori, na alikuwa amelifikiria jambo lile kama wakili. Alilitandaza juu ya mwanya kutoka paa hadi paa, akalikandamiza kwa mawe. Hakupiga msumari hata mmoja. Alishuka, akaenda kwenye kiti chake akasafisha koo. "Maro, paa bado ni mawili. Hapo juu hakuna msumari wala mbao iliyounga. Ni nguo tu." Mama aliinua kichwa. Nikamwona akitazama pale palipokuwa na mbingu. Kisha akasema, "Kama hakuna msumari, ni nguo." Wote tulifurahi. Nilikausha blanketi, nikafunga vioo vyote asipigwe na baridi, nikaziba hata nafasi ya chini ya mlango kwa gunia. Usiku wa kwanza nililala fofofo.

Waliowahi kuishi Kisumu wanajua nilichokuwa nimefanya, na tulikuwa tumekifanya sote kwa nia njema, daktari, Oloo na mimi. Joto la pale halitoki juu tu, linatoka majini na ardhini na kwenye nguo uliyovaa. Asubuhi vioo vililia kwa ndani, maji yakitiririka mpaka kwenye ukuta. Mchana jua lilipogeuka upande wa ziwa chumba kikawa kama sufuria iliyofunikwa. Nyuma ya kitanda ukuta ulianza kuota madoa meusi. Nilifuta kwa maji ya sabuni, yakarudi. Mkeka wangu ulinuka uyoga. Na sauti ya kifua cha mama ikabadilika. Mluzi uliisha. Ukabaki mkwaruzo, na kati ya mkwaruzo na mkwaruzo kikaingia kitu ambacho sikuwa nimekisikia kabla, kimya kifupi. Nilizidi kufunga vioo. Kila alivyozidiwa niliona ni baridi imepenya mahali, nikatafuta tundu nikaliziba.

Miguu ya Peres ikavimba. Ilikuwa miezi yake ya mwisho, na mkunga alisema ni kawaida, lakini mama alipoiona ile miguu alinishika mkono. "Ile nguo imeunga paa," alininong'oneza. "Nilijua, nikanyamaza kwa sababu nilipenda kulala pakavu. Nitoe hapa, Apiyo. Nirudishe nyumbani kabla mtoto hajaionja chira." Nikamwambia nyumbani kuna moshi. Akasema moshi utamuua yeye peke yake. Nilikwenda nyuma ya choo nikakaa, sina wa kumwambia. Nikimrudisha Muhoroni atakufa. Akibaki na Peres akapoteza mtoto, mama atakufa hata hivyo, kwa huzuni, na Peres hatatusamehe. Mambo ya chira sikuyaamini. Lakini niliitazama miguu ya dada yangu kila jioni nikiwa na hofu ya mtu anayeamini.

Jumamosi moja ilinyesha asubuhi, kisha jua likatoka kali. Peres alikuwa shuleni kwa mkutano wa wazazi. Oloo alikuwa nyumbani, kwenye kiti chake. Mama alisinzia, nami nikatumwa soko la Kibuye kutafuta nguo za mtoto kwenye mitumba. Nilikwenda na roho juu. Nilichagua sweta ya manjano bila kuitazama, nikapatana bei kama mtu anayefukuzwa, nikarudi nikikimbia nusu ya njia, bila sababu yoyote ninayoweza kuieleza.

Kitu cha kwanza nilichoona ni mawe. Yalikuwa yametapakaa uani, moja limevunja chungu cha maua. Turubai lilikuwa limeanguka kwenye matope. Nikainua macho, nikamwona shemeji yangu amelala kifudifudi juu ya paa la nyumba yake, na shati la ofisini na soksi, bila viatu, mabati yakifuka mvuke kumzunguka. Mdomo ulikuwa kwenye mwanya. Uso alikuwa ameugeuzia ziwani, macho ameyafumba kabisa. Alikuwa akiita. "Maro! Maro, pumua! Maro, uko?" Sauti ilikuwa imekauka. Nilikimbilia mlango wa veranda nikaupiga kwa bega nikidhani umekomewa ndani, nikaanguka katikati ya chumba, kwa sababu haukuwa umekomewa. Ulikuwa umerudishwa tu.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kichwa amekiinua kuelekea ule utepe wa mbingu, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Mdomo wake ulikuwa wazi kama wa samaki. Alipumua. Nikasikia kimya, nikasubiri, akapumua tena. Kidole chake kilinyooka kwenye vioo. Nilivifungua vyote, vingine vilikuwa vimeshikana kwa kutu nikavipiga kwa kiatu, na upepo wa ziwa ukaingia kwa chini ukatokea kwa juu, kwenye mwanya. Niliuona kwa macho, kwa sababu pazia la dirisha liliinuka likanyonywa kuelekea juu. Chumba kilipumua kabla ya mama. Kisha mluzi ukarudi. Sijawahi kupenda sauti yoyote kama nilivyoupenda ule mluzi. Juu ya paa Oloo aliuliza tena, polepole, "Maro, uko?" Mama hakuwa na sauti, akanifanyia ishara nijibu. Nikapiga kelele: "Yuko!" Nikamsikia akiweka paji la uso juu ya bati.

Tulipotoka hospitali, mama amechomwa sindano na kulala, nilimfuata Oloo uani. Alinieleza bila kuulizwa. Alisikia mkwaruzo, kisha kimya, akaita, hakujibiwa. Alizunguka nyumba mpaka mlangoni. Alishika kitasa. "Mkono ulikataa," alisema. "Nilijiambia mimi siamini haya mambo. Nikauambia mkono. Ukakataa. Nikaona tumbo la Peres." Ndipo akakimbilia ngazi. Nami nilimwambia maneno yaliyonichemka: mlango ulikuwa wazi, shemeji, ulikuwa wazi, ungesukuma tu kwa kidole. Alinitazama akasema, "Najua." Hakujitetea zaidi ya hapo, siku ile wala miaka yote iliyofuata.

Mama alipopata sauti nilimpelekea mashtaka yangu. Nilitaka aseme neno. Alisikiliza amelala chali chini ya mwanya, ambao hakuna aliyetaja tena kuuziba, akasema, "Angeingia akanikuta vile, nguo zimenipanda, ningeishi vipi tena nyuma ya hilo pazia? Ningeondoka siku hiyo hiyo, mzima au mgonjwa. Wewe hujaolewa." Nikasema ni afadhali aibu kuliko kifo. "Kwa nani?" akaniuliza, kwa upole kabisa, nami nikaenda kumwaga ndoo.

Akoth alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ya jina lake. Alipoletwa nyumbani akapelekwa moja kwa moja verandani kwa mlango wa uani, akiwa amevikwa sweta ya manjano, na mama akamfungua nguo zote akamkagua mkono kwa mkono, mguu kwa mguu, kidole kwa kidole, kama Njoroge alivyokagua mbao. Alikuwa mnene. Mama alicheka kwa sauti mpaka mluzi ukamkatiza, na nyuma ya pazia Oloo akacheka naye bila kuambiwa kinachochekesha. Mwisho wa mwaka nikaitwa chuo, Maseno, nikaondoka. Mama alikaa chini ya ule mwanya miaka mingi, akarudi kwetu akiwa na nguvu zake, na alipokufa hakufa kwa kifua. Katika mazishi Oloo alikaa mbali kwenye kivuli, kama wakwe wakaavyo. Mimi nilikuwa bado sijamsamehe ule mlango. Nilimpenda, alinisomesha, alinisindikiza siku ya harusi yangu, na bado kila nilipomwona akishika kitasa chochote nilikumbuka. Sasa amekufa, na sijui kama nimemsamehe au nimechoka tu.

Jioni ile, baada ya fundi kwenda, nilimsaidia Peres kutandika. Akoth na Felix walipewa chumba cha wageni. Nilipobeba blanketi la Peres kuelekea chumbani kwake akaniambia, "La, huko." Akaonyesha veranda. Nikaona kwamba mto wake tayari ulikuwa juu ya kile kitanda cha chuma, na ndoo ilikuwa mahali pake. Nilimtazama, huyu aliyemcheka mama getini, aliyesema utakufa kwa sababu ya mabati. Alikunja uso. "Felix yuko kwa nyumba," alisema. "Unataka nilale wapi?" Nikamuuliza na Nairobi je, kwenye fleti? Alikaa kitandani akaanza kufungua leso yake.

Mvua ilianza tukiwa tunakula, yeye na mimi verandani, sahani mapajani. Alikuwa ameniambia nisubiri kwanza vijiko vya huko ndani vinyamaze. Jikoni Akoth alikuwa akiosha vyombo, na Felix, kijana aliyezaliwa na kukulia Nairobi, ambaye Kijaluo chake ni cha salamu tu, alitafuta mahali penye mwanga mzuri wa kusomea simu yake, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Hakuna aliyemwambia ni cha nani. Tulikisikia kikilia chini yake. Tone la kwanza liligonga ndoo, kisha la pili. Pazia likatikisika kidogo.

"Mama," Felix aliuliza, "mvua inakupata?"

Peres aliweka tonge chini. Nilimwona akitazama juu, kwenye mwanya, maji yakimdondokea begani.

"Inanipata kidogo tu, mwanangu," alisema. "Acha hivyo."